Boil: Kuchemsha, au Jipu?

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Newala, Metroni alinipa kikaratasi: "Boil, chumba namba tatu." Nilikuwa mhudumu wa wodi, na kazi yangu kubwa ilikuwa kutakasa vyombo: mikasi, koleo na sindano za kioo, ambazo enzi zile hatukuzitupa. Tuliziweka kwenye sufuria, maji yakishachemka tunahesabu dakika ishirini.

Boil nililijua kwa maana ya jikoni. Nikaingia namba tatu, nikazoa kila kilichokuwa mezani, nikachemsha. Vipimajoto vitatu vikapasuka, zebaki ikatawanyika kwenye maji yaliyopandishwa kwa kichwa kutoka bondeni. Mgonjwa aliyelala kwa ubavu mle chumbani alikuwa bado anasubiri.

Metroni hakupaza sauti. "Binti, boil ni kuchemsha, na boil ni jipu. Yule bwana ana jipu, ulitakiwa umwandae."

"Nitajuaje ni ipi, Metroni?"

"Mwangalie mgonjwa kabla ya karatasi. Ukishindwa, uliza."

Nikauliza kuanzia siku ile. Tandahimba nilimuuliza Bwana Afya, Masasi nikawauliza madaktari, mpaka wengine wakachoka nami. Sikujali. Kazi niliijua.

Baadaye nilipelekwa zahanati moja ya barabarani, mbele ya Nanganga. Tabibu wetu alikuwa kijana kutoka Kanda ya Ziwa, hodari na mwenye haraka. Siku moja alikuja mkulima aliyejikata paja kwa panga akipogoa mikorosho. Kidonda kilishafunga, lakini palibaki uvimbe. Tabibu akaandika kwenye kadi: boil, pasua.

Nilikuwa nasafisha ngozi nikahisi uvimbe unadunda chini ya pamba.

"Daktari, naomba uweke kidole hapa."

"Mama Salma, nimeshaliona. Ni boil. Lete kisu."

"Kisu kipo. Lakini linapiga."

"Jipu lolote linapwita."

"Hili linanyanyua kidole changu, baba."

Alinitazama kwa hasira. Sikusogea wala sikumpa kisu. Akaweka vidole viwili juu ya uvimbe. Kisha akamshika mgonjwa mkono na kuhesabu mapigo. Yalikwenda sawia na lile paja.

"Ni mshipa wa damu umevimba. Ningeupasua, angeishiwa damu hapa hapa," alisema taratibu. Akaandika rufaa mwenyewe, tukamlaza yule bwana kwenye gari la kubeba korosho, akaenda Masasi na kutoka hapo hospitali kubwa. Msimu uliofuata alipita zahanati kwa miguu yake kutusalimu. Tabibu hakuwahi kulitaja jambo lile, nami sikumkumbusha.

Leo nimestaafu, na wauguzi vijana huja nyumbani kuniuliza kazi ilikuwaje. Huwaambia kwamba Kiingereza chenyewe kilikuwa kidogo, tulichokuwa nacho ni vidole na ujasiri wa kuuliza aliyetuzidi cheo.

Siku ya kuniaga, yule tabibu alikuwa amekwisha kuwa Mganga Mkuu. Aliombwa aseme machache. Alisimama, akaikunja karatasi ya hotuba bila kuisoma.

"Mama huyu alinizuia kuua mtu," alisema. "Nilimwonea aibu, sikumshukuru."

Akashuka hadi nilipoketi, akainama mbele ya wauguzi wake wote.

"Shikamoo, Mama Salma."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, nikampisha kiti akae karibu nami.