Mafuta ya Trekta Katika Pikipiki ya Mzee Eliezeri

Mzee Eliezeri aliipenda pikipiki yake kupita kiasi. Aliinunua kwa jasho la kuchimba dhahabu Chunya, na hapa Mbalizi wagonjwa wengi walifika Mbeya kwa pikipiki hiyo. Lakini haikuwa ya kubahatisha. Ilitaka petroli safi. Ukiitilia mafuta hafifu, tambarare itakwenda, ila mlimani injini inagonga ndani mpaka inajiua.

Masika ya mwaka 1956 malori ya petroli yalikwama barabara ya Iringa. Mwanawe Saulo, dereva wa trekta katika shamba la Mzungu mmoja, akaona amsaidie baba. Alichukua debe la petroli iliyobaki stoo kwa baba yake, likiwa nusu, akalijaza mafuta ya trekta, yale hafifu yanayokaribia mafuta ya taa. Mkewe Lusia alimwona. "Nitamwambia baba jioni, asipande nayo mlima," Saulo akasema, akaenda zake kazini.

Mchana huohuo mtoto wao, Anyitike, alizidiwa na homa ya mapafu. Alihema mbavu zikiingia ndani. Bibi yake akambeba mbio hadi kwa mumewe, na mzee akamimina lile debe lote kwenye tangi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapopandwa na hasira mpaka leo. Hawa ni Wanyakyusa. Kwao mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hata sauti yake mzee asiisikie. Kanisani wanakwenda, Biblia wanasoma, lakini hilo hawaliachi. Mie mtu wa pwani, muuza duka, nani angenisikiliza?

Lusia alikuwa nyuma ya jiko, kajifunika kanga usoni. Pikipiki inaunguruma, mama mkwe keshapanda na mtoto kifuani. Lusia akapiga makofi. Akapiga tena, kwa nguvu. Mzee Eliezeri akasikia, akajua mkwe wake yuko karibu, akageuza uso upande wa pili kama mtu mwenye adabu zake, akaondoka haraka ili ampishe.

Walipopita Iwambi mlima ukaanza. Injini ikagonga, ikachemka, ikafa. Mzee akamweka mjukuu mgongoni, akapanda kwa miguu kwenye matope, mkewe nyuma yake. Halikupita gari hata moja. Mtoto alikata roho kabla hawajayaona mabati ya mji.

Msibani Saulo alisema yote mbele ya watu. Mzee hakumfokea. Alimgeukia mkewe, akauliza, "Mkwe wetu alijua?" Mkewe, ambaye Lusia alishamweleza, akaitikia kwa kichwa.

"Basi angesema," mzee akasema. "Siku ile moja tu, angesema."

Nilimpelekea Lusia maneno hayo kule chumbani alikojificha, nikidhani atalia. Hakulia.

"Bi Mwanakhamisi," akaniambia, "mdomo niliufungua. Nikaona haya."