Tisini na Sita za Mchana

Mtaani walimbandika jina Volti, na fundi huyo alilipenda jina lake kupita kiasi. Kabla hajafunga paneli za sola za mtu yeyote, humhubiria mwenye nyumba: kontrola inayopeleka umeme kwenye betri ina kikomo chake cha volti, soma kibandiko, acha nafasi, maana paneli zikipata baridi volti hupanda. Ila kwa shangazi yake aliyemlea, hakuhubiri wala hakuacha nafasi. Hapa ni nyumbani, alijiambia.

Alipanda juu ya bati saa ya jua kali, akaunganisha paneli mbili kwa mfululizo, volti zikajumlika, mita ikasoma tisini na sita. Kikomo cha kontrola ni mia. Akashuka akipiga mluzi, chai inamngoja.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja ya baridi kali, jua lilipochomoza tu, kontrola ikaungua. Betri ikaisha taratibu, mashine ya shangazi ya kutotolesha vifaranga ikapoa, na mayai ya majirani yaliyokuwa ndani yakaharibika yote.

Volti alipofika alinusa harufu ya kontrola iliyoungua, akajua. Lakini shangazi alimtangulia kusema.

"Nisamehe, mwanangu. Ni mimi. Niliziosha paneli kwa maji baridi alfajiri, nikakuharibia kazi yako."

Hapo ndipo angesema ukweli. Akajikuna kisogo, akajibu, "Usijali, Shangazi." Eti usijali. Mtu mzima na mita yake mfukoni.

Alileta kontrola mpya, na safari hii akaziunganisha paneli sambamba ili volti zisijumlike, akahakikisha ampea nazo hazivuki kikomo. Kazi safi. Ila kutoka juu ya bati alimsikia shangazi mlangoni akimwomba radhi jirani: uzee huu, mikono haitulii, nimewatia hasara. Jirani akaguna tu. Volti akairudisha bisibisi mfukoni.

Akashuka.

"Shangazi, si maji. Nilipima mchana paneli zikiwa za moto, sikuacha nafasi ya baridi. Nilijua, nikapuuza. Kosa ni langu."

Shangazi hakugomba, bora angegomba.

"Nimezunguka nyumba zote hizi nikijiita kizee kisicho na akili," alisema. Akajitanda mtandio, akavaa ndala. "Twende. Utaanza na huyu wa mlango wa pili. Mimi nitasimama pembeni, nisikie unavyosema."