Jeti Niliyoikubali Nikiwa Nimelala

Zamani nilikuwa na punda akiitwa Meneja, na kabla sijawaambia aibu yangu lazima nianze na yeye, mnivumilie, kichwa changu siku hizi hakiendi moja kwa moja. Meneja alikuwa akinivutia mkokoteni wa maji hapa Kiganjo, wakati mifereji ilikuwa ya wenye pesa peke yao, tunapanda kutoka mtoni na mitungi, tunashuka tena, siku nzima, na hakuwa mkorofi wala mvivu, alikuwa punda tu. Siku moja tuko katikati ya kale kamlima kamba ya tumboni ikakatika, mkokoteni ukarudi nyuma ukamwaga maji yote, mimi nikaanguka kwenye matope mbele ya akina mama waliokuwa wakifua nguo, na Meneja akageuka akanitazama. Hakukimbia. Angekimbia ningemkimbiza. Alinitazama kama mtu aliyesikia ya kutosha, halafu akaondoka polepole kuelekea upande wa Kilimambogo, mimi nimekaa pale kwenye matope namngoja arudi. Nilimtafuta wiki mbili. Mpaka leo wazee wa rika langu wakikutana na mimi wananiuliza, "Meneja amerudi kazini?" na mimi nacheka nao, nifanye nini.

Kwa miaka mingi nilijiuliza punda huwa anafikiria nini akienda namna hiyo. Siku hizi sijiulizi tena.

Sasa aibu yenyewe. Mimi, mzee wa miaka sabini na kitu, niliyeacha shule darasa la tatu, nilifanya watu wanunue ndege. Jeti, ile ya matajiri, ya viti vinane na injini mbili mkiani. Na kusema ukweli sikufanya kitu, nililala tu, lakini kulala kwangu ndiko kulikoinunua.

Lazima mjue kazi yangu ndiyo muelewe. Baada ya punda nilikuwa tanboi, yaani utingo, wa lori la kahawa, halafu dereva, halafu miguu ilipoanza kukataa nikawa yule mzee anayeitwa mtu akitaka kununua gari kuukuu. Sijui kusoma vizuri lakini sikio langu linasoma. Naweka sikio kwenye boneti, nanusa oili, napiga bodi kwa kidole hapa na pale, najua kama lilipinduka hata kama lilipakwa rangi jana. Na kazi hii ina sheria moja: mzee wa kukagua haongei mbele ya muuzaji. Ukisema nzuri, bei inapanda. Ukisema mbaya, muuzaji anakuwekea kinyongo. Kwa hivyo nilikuwa na alama yangu, na kutoka Kiganjo mpaka Kalimoni kila mtu anaijua: nikimaliza kukagua, nikiingia nikakaa kwenye kiti na mlango ukafungwa, basi nimekubali, nunueni. Nikibaki nimesimama, twende nyumbani. Magari mengi yamenunuliwa hivyo, na matrekta (trekta halina mlango, hapo ni kukaa tu), na sikuwahi kulaumiwa.

Mkwe wangu anaitwa Gatheru. Ana malori ya kubeba mawe ya kujenga, ni kijana mzuri, hanywi, haendi huku na huku, shida yake ni moja, akipata wazo halali mpaka alitekeleze. Ndiye aliyemwoa binti yangu Nyambura, na wakajenga kule Kahawa Sukari, nyumba ya mawe, yenye mti wa parachichi uani ambao mimi mwenyewe niliupanda siku ya kwanza ya msingi. Sasa yeye na wenzake wawili wa Ruiru wakasikia kuna jeti kuukuu inauzwa rahisi, na wazo likawa kwamba watakuwa wakiikodisha kwa wakubwa, mtu anataka kwenda mazishi Kisumu asubuhi na saa nane awe kwenye mkutano Nairobi, unampeleka, unamrudisha. Wenzake waliuza mashamba ya kahawa. Gatheru hakuwa na shamba. Alikuwa na hati ya ile nyumba.

Nyambura alikuja kwangu Jumapili baada ya kanisa, na ndizi mkononi, akaketi hapo nje, akamenya moja akanipa kama mimi ndiye mtoto.

"Baba, atakuja kukuchukua ukaangalie hiyo ndege."

"Mimi najua nini na ndege?"

"Nimemwambia hivyo. Anasema chuma ni chuma. Baba, mimi hanisikilizi. Wewe anakusikiliza. Ikiwa mbaya, usikae."

"Na ikiwa nzuri?"

Akavunja ndizi nyingine kutoka kwenye kichana. "Hata ikiwa nzuri, usikae."

Nikamwambia sawa. Neno moja, sawa, na nilikuwa na ndizi mdomoni.

Hapo ndipo kosa dogo lilipoingia, na ninalikubali. Gatheru alipokuja na gari, ameoga, amevaa koti, akasema, "Guka, bila wewe hatununui," (ananiita guka, yaani babu, kwa sababu ya watoto wake), ningesema tu, mimi ndege siijui, nenda utafute fundi wa ndege. Lakini mtu akikuambia bila wewe haiwezekani, na miezi mingi imepita bila mtu kukuita hata kuangalia pikipiki, unavaa kofia yako nzuri. Nikavaa.

Uwanja wenyewe sitautaja, ni ule wa ndege ndogondogo, na jeti ilikuwa imesimama nje ya banda, nyeupe, imeoshwa, pua yake imechongoka kama ya panya buku. Muuzaji alikuwa bwana wa shati jeupe kweli, tukaambiwa tumwite Kapteni.

"Karibu, Engineer," akaniambia mimi. Mimi! Wale wenzake Gatheru wakanitazama upya.

Nikaanza kazi. Nilizunguka ile kitu mara mbili, jua la saa sita, magoti yanalia. Nikapiga bodi kwa kidole, mafundi wa mabanda ya jirani wakaanza kukusanyika na kucheka ("huyo mzee anabisha hodi!" mmoja akasema), lakini niliyoyaona niliyaona. Magurudumu yalikuwa yamelala upande wa chini, yamekuwa bapa, na gurudumu halilali hivyo kwa wiki moja. Kwenye tundu la injini, kwa ndani, mahali kitambaa cha kuoshea hakifiki, kulikuwa na manyasi makavu ya kiota. Nikamuuliza Kapteni swali moja tu, maana swali si jibu, linaruhusiwa: "Iliruka mara ya mwisho lini?"

"Mzee, hii inaruka wakati wowote."

Sikumuuliza wakati wowote ni lini. Nilikuwa nimeshajua. Gari la zamani likiwa la bei nafuu, shida haiko kwenye kulinunua, iko kwenye kulilisha, na hili lilikuwa limekaa na njaa muda mrefu. Niliikataa jeti ile moyoni nikiwa bado chini, mbele ya gurudumu la kushoto. Hilo Mungu anajua, ingawa si Mungu aliyekuwa na kalamu.

"Basi ingieni muone ndani," Kapteni akasema.

Tukapanda vile vingazi. Ndani unainama, wenzangu, hata mfupi kama mimi anainama, na mgongo wangu haupendi kuinama. Na kulikuwa na viti. Mimi nimekalia kreti, nimekalia gunia, nimekalia viti vya lori ambavyo springi inakusalimia, lakini kile kiti cha ngozi rangi ya maziwa kilikuwa pale kando ya dirisha, na magoti yangu yalikuwa yamesimama tangu asubuhi. Nikasema, dakika moja. Nikajishika kwenye mkono wa kiti nikajishusha, na nilipofika chini kikanipokea kama mama.

Wakati huohuo Kapteni akawa anasema, "Sasa sikieni utulivu wake mkifunga," akavuta vile vingazi, ambavyo ndivyo mlango wenyewe, vikapanda, vikajifunga, pum, na hewa baridi ikaanza kutoka juu ikinipuliza kwenye upara.

Nimekaa. Mlango umefungwa. Sikuuona ubaya wake wakati ule. Au niuseme ukweli wote, nikiwa nimeshaanza: niliuona. Ulinipitia kichwani kama nzi, nikajiambia, inuka mzee, halafu nikajiambia, dakika moja. Nikalala.

Kilichoniamsha ni makofi. Wanapeana mikono pale mbele, juu ya kameza ka kukunjua, soda zimefunguliwa, karatasi zimetandazwa, na mmoja wa wale wa Ruiru anafunga maombi kabisa, "na uibariki kazi ya mikono yetu," na simu yangu inalia mfukoni. Nyambura.

"Baba," akasema. "Gatheru ametuma picha kwa grupu ya familia. Uko kwa kiti, umefungua mdomo. Ameandika mzee amekubali."

Nikajipangusa mate kidevuni.

"Baba, umekaa?"

"Nimekaa, mama."

"Na mlango?"

Nikautazama mlango. Huyu mtoto alikua akinifuata kwenye hii kazi, alinibebea tochi akiwa hajaota meno ya pili, hakuna alama yangu asiyoijua.

"Umefungwa," nikamwambia.

Hakulia, hakunitukana. Alisema tu, "Haya," na simu ikakatika, na hiyo haya ndiyo nimeibeba tangu siku hiyo. Sasa anakaa hapa Kiganjo, nyumba ya kupanga, milango miwili kutoka kwangu, na mwenye mpya wa ile nyumba ya mawe ameng'oa parachichi akaweka mahali pa kuegesha gari. Jeti bado imekaa palepale, naambiwa. Nyambura huniletea uji, hajawahi kuitaja hata siku moja. Ila akija kwangu anakaa kwenye kiti na mlango anauacha wazi, hata mvua ikinyesha.

Lakini siku hiyo nilikuwa sijakubali kwamba yamekwisha. Nikainuka, nikagonga kichwa juu, nikapaza sauti. "Gatheru! Mimi nimekataa!"

Wakageuka wote.

"Guka, umekataa vipi?" Gatheru akauliza, anatabasamu bado. "Umekaa saa nzima, mlango umefungwa, na umekoroma. Kuna ndiyo kubwa kuliko hiyo?"

"Nilikuwa nimechoka!"

"Mzee anaota," Kapteni akasema, na wakacheka, na kicheko kikiwa cha watu waliokwisha kutia sahihi huwa ni kirefu.

Nikajiambia, mlango. Alama imeharibiwa na mlango, itatengenezwa na mlango. Nikiufungua wataelewa, Gatheru ataelewa, ni kijana anayejua desturi. Njia ya kwenda mbele walikuwa wameiziba kwa matumbo yao, lakini hapo kando ya kiti changu, kwenye dirisha, palikuwa na mshikio, na juu yake maandishi mekundu. Mekundu, na ya Kizungu. Nikaushika nikavuta.

Wandugu, dirisha lilitoka lote. Dirisha na kipande cha ukuta wake, zima, likaja ndani likaniangukia mapajani, zito kama mtoto wa ng'ombe, nikarudi kwenye kiti kile kile nikiwa nimelipakata, na kona yake ikapiga kameza, soda ya machungwa ikaruka ikamwagikia shati la Kapteni kutoka shingoni mpaka kwenye mkanda.

"Haiya! Mzee!" mmoja akapiga kelele. "Umevunja ndege!"

"Umevunja ndege yao," Kapteni akamsahihisha, akijipangusa, na mahali pa kuweka sahihi hapakuwa pameloa hata tone.

Gatheru hakupiga kelele. Alikuwa ananiangalia na lile dirisha mapajani, na nikaona tabasamu linamtoka polepole, si kwa sababu ya dirisha, nadhani ni kwa sababu alikuwa ameanza kusikia nilichosema. "Guka," akaniuliza, sauti chini, "ulikuwa umekataa kweli?"

"Angalia magurudumu," nikamwambia. "Angalia ndani ya injini."

Akazitazama karatasi. Akanitazama. Ile hewa baridi ikawa inatoka nje kwa tundu nililolifungua.

Funzo? Mnataka funzo. Mtu aliyechoka asipewe kazi ya kusimama, na kama amepewa, aseme amechoka kabla hajaona kiti. Mimi sikagui tena kitu cha mtu, hata baiskeli, hata jiko. Wanakuja bado, wageni wasiojua, nawaambia huyo mzee alihama.

Nikaliweka dirisha chini kwa adabu, kama mtu anayerudisha mtoto kwa mama yake. Nikatoka kwa lile tundu, mguu mmoja, halafu mwingine, nikasimama juu ya bawa, na mafundi wote wa mabanda ya jirani wako chini na simu zimeinuliwa.

"Mzee, usikanyage hapo! Si imeandikwa!"

Nikakanyaga hapo. Nikateleza kwa makalio mpaka ukingoni, nikaanguka kwenye lami kwa magoti yote mawili, suruali ikapasuka. Mtu akacheka, kisha akaacha.

Nikageuka nikamtazama Gatheru, kichwa chake kwenye tundu la dirisha, mdomo unafunguka kuniita. Kofia yangu nzuri ilikuwa imebaki kwenye kile kiti. Niliiona. Nikaondoka, polepole, kuelekea lango.