Stata Iliyokaa Guniani

Mtaani walimwita Stata, na si kwa sababu ya ufundi wake wa umeme wa magari tu. Ukimgusa kidogo, anawaka. Kwa mtu wa hasira za karibu hivyo, kununiana na mdogo wake wa tumbo moja kwa miaka tisa hakukumpa taabu yoyote. Alikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe aliulaza chini ya kitanda, ndani ya gunia.

Ilikuwa stata ya gari, ile mota ya kuliwashia, nzito kama tofali. Mgeni akija, aliitoa, akaiweka mezani kando ya vikombe, akasema, "Hiki ndicho kilichomuua mama yangu." Kisha akasimulia. Asubuhi ile mama alibanwa na kifua. Wakampakia garini, Stata akazungusha ufunguo, gari likafanya tik, tik, likanyamaza. Kusukuma hakukuwezekana, maana geti lao linatazama mlima. Mpaka gari la jirani lipatikane, nusu saa ilishakwenda, na hospitalini daktari akawaambia wangewahi kidogo tu, mama angepona.

Stata hiyo ilikuwa imetengenezwa wiki ileile katika gereji ya ndugu hao wawili, na mdogo ndiye aliyeifunga kwenye gari. Basi makaburini, watu wakiwa bado na udongo mikononi, Stata akamnyooshea kidole. "Huyu ndiye aliyemuua mama." Mdogo mtu akainamisha kichwa. "Nisamehe, kaka," akasema. Akaacha gereji, akahama na mtaa.

Jambo la ajabu, tukilisema kwa adabu, ni kwamba fundi huyu aliyefungua stata za mji mzima hakuwahi kuifungua hiyo moja. Aliijua hukumu yake, ya nini kujichafua mikono.

Mwaka huu binti wa mdogo wake akaposwa. Kadi ya harusi ilipofika, Stata alisema hakanyagi. Mke wake, aliyekuwa akipeleka salamu kwa shemeji yake kwa siri miaka yote hiyo, hakubishana naye.

"Usiende," alimwambia huku akikunja nguo. "Mimi na watoto tutakwenda. We tutengenezee gari tu."

Gari lilikuwa limegoma tangu Jumatatu, stata yake ya sasa imeungua nyaya. Lilikuwa gari lilelile la siku ya mama, la zamani, na wauza vipuri walicheka aliposema anatafuta nyingine.

"Si kuna ile ya chini ya kitanda?" mke akauliza.

"Ile ni ushahidi, mama watoto."

"Basi na ushahidi nao utoke ukafanye kazi. Miaka tisa umelala tu."

Asubuhi ya Ijumaa akatandika magazeti juu ya meza ya chakula. Akaisugua stata kwa mswaki wa zamani uliochovywa petroli mpaka chuma kikaonekana. Akafungua boliti mbili ndefu, akaugonga mfuniko wa nyuma kwa mpini wa bisibisi, ukatoka.

Gerejini kulikuwa na sheria, na aliyeitunga ni yeye mwenyewe. Fundi akimaliza stata, kitu cha mwisho kabla ya kuifunika ni kupiga doti, alama ya kishimo, kwa msumari wa chuma, ndani ya mfuniko. Mkubwa doti mbili, mdogo doti moja. Mteja akirudi na malalamiko, mfuniko unafunguliwa na mwenye kosa anajulikana. "Hapa hakuna kusingiziana," alizoea kusema.

Akaugeuza mfuniko kwenye mwanga wa dirisha. Doti zilikuwa mbili.

Akatazama ndani. Brashi moja ya kaboni, ile inayopitisha umeme, ilikuwa imelika, na aliyeitengeneza alikuwa ametia kipande cha bati nyuma yake ili springi iisukume mbele. Bati liliteleza, likaibana brashi isiguse shaba, na umeme haukuwa na pa kupita. Ujanja huo wa bati ulikuwa wake. Aliujivunia, na yeye ndiye aliyemkataza mdogo wake kuutumia, eti mdogo hana mkono wa kuupima. Sasa akakumbuka vizuri. Brashi mpya zilikuwa hazijafika, naye akajiambia hiyo iliyolika itavuka wiki mbili.

Tumpe haki yake, alilia. Alimlilia mama, akamlilia na mdogo wake, machozi yakidondoka juu ya magazeti. Kisha akasikia mke wake akiburuta ndoo uani, akanyoosha mkono, akachukua tupa. Akazisugua zile doti mpaka zikapotea, akapapaka grisi na vumbi.

Kazi iliyobaki aliifanya kwa ustadi mkubwa. Alihamisha brashi nzima kutoka kwenye ile stata iliyoungua, akaing'arisha shaba kwa msasa laini, akabadilisha bushi. Alipoifunga, gari liliwaka kwa mguso wa kwanza.

"Ulikuta nini ndani?" mke wake akauliza.

"Kazi mbaya." Akafuta mikono. "Kesho nitawaendesha mwenyewe."

Mke alimkumbatia na grisi zake zote. Masikini, alidhani moyo umelainika.

Mdogo wake aliwapokea getini, kichwa kimejaa mvi. Mke na watoto walipotangulia ndani, alibaki amesimama kando ya gari.

"Shemeji kaniambia umefunga ile stata."

"Nimeifunga."

"Uliifungua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akashusha sauti. "Ulikuta doti ngapi, kaka?"

Hapakuwa na mtu karibu. Neno moja lingetosha, na mwenye kulingoja alikuwa amelingoja miaka tisa bila kumdai mtu.

"Kutu imezila," Stata akasema. "Hazisomeki."

Mdogo wake alimtazama usoni, kisha akavitazama vidole vya kaka yake. "Haya, kaka," akasema. "Karibu ndani."

Wakamkalisha mstari wa mbele, kiti cha baba mkubwa. Mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akawatangazia wageni kwamba leo mzee huyu, baada ya miaka tisa, amemsamehe ndugu yake. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi, na mdogo wake naye alipiga.