Ndururu za Paa Letu

Nyumba yetu ilikuwa ya kwanza kuezekwa mabati upande ule wa msitu wa Kakamega, na baba hakumpa mtu nafasi ya kusahau. Kabla ya uhuru alikuwa seremala kwenye mashamba ya wazungu kule Lugari, akarudi na mabati yake. Katikati ya kuezeka, vile vibati vya mviringo vinavyokaa chini ya kichwa cha msumari vikamwishia. Duka lilikuwa mbali, mvua imekaribia. Akatoa ndururu, zile senti tano za mkoloni zenye tundu katikati, akapitisha msumari katika kila moja, akagonga hadi akamaliza paa. Watu walikuja kumtazama mtu aliyepigilia pesa juu ya nyumba. Mama alikuwa akisema kwamba siku ile baba alifurahi kuliko siku ya harusi yao, na alikuwa akilisema hilo mbele ya wageni ili amchokoze.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mama akapata uvimbe tumboni. Hospitalini mjini walimpima, wakasema apelekwe Eldoret apasuliwe, na tusikawie. Tulikuwa tayari tumeuza ng'ombe na mikaratusi yote ya mpakani. Harambee ilifanywa kanisani, watu wakatoa walichokuwa nacho, na hakikufika popote. Mimi nilifunga cherehani yangu sokoni nikarudi nyumbani kumuuguza. Sauti ilikuwa imeanza kumpotea, kwa hiyo akitaka kitu aligonga kikombe cha bati kwa kijiko, nami nilikuja.

Ndipo jirani yetu akaleta maneno yake. Huyu alikuwa mtu wa kutia chumvi hata kwenye salamu.

"Mzee, kuna mtu mjini, nyuma ya soko, ananunuanga pesa za zamani," alimwambia baba. "Hizo zako za paa, moja tu inalishanga mtu mwezi mzima."

Nilimwambia akauze kwanza ulimi wake, maana huo ndio ulikuwa na bei. Baba alinikata jicho. Asubuhi yake nikamkuta amesimamisha ngazi.

Ilikuwa Januari, kiangazi. Aling'oa msumari mmoja baada ya mwingine, akaweka mawe na magogo juu ya mabati yasipeperuke. Ndururu alizitia katika beseni. Zilikuwa nyeusi, nyingine za kijani, na kila moja ilikuwa na duara la kutu pale msumari ulipokaa. Nilichukia kuona mzee wa umri ule akining'inia juu ya paa kwa sababu ya umbea. Lakini sikuwa na neno bora la kumpa, na yeye alijua.

Mama ndiye aliyetaka kuzisafisha. Aliomba beseni, majivu na ndimu, akaegemezwa mito, akawa anazisugua moja moja kwa kitambaa. Alisema mtu hapeleki mali chafu kwa mnunuzi. Alifanya kazi ile kwa siku kadhaa, akipumzika, akirudia, na vidole vyake vilikuwa na nguvu ambayo sikuwa nimeiona tangu alale. Zikang'aa zikawa nyekundu nyekundu. Alinionyesha moja, akaniuliza kama nitamshonea gauni jipya la kwendea Eldoret. Nikasema nitamshonea. Usiku nilikata kiolezo cha gauni hilo kwenye gazeti, nikiwa nimeanza kuamini na mimi.

Ningependa kusema yule mtu wa nyuma ya soko alikuwa tapeli, ningekuwa na mtu wa kumtukana hadi leo. Hakuwa. Tulipofika alimpa baba kiti, akamwita mzee, akashika ndururu moja kwenye mwanga na kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Akachukua nyingine, kisha nyingine. Halafu akaziweka chini taratibu.

"Mzee, hizi zilitengenezwa nyingi sana," akasema. "Iliyokaa bila kuguswa ingepata kitu kidogo. Hizi zimepigwa nyundo, na tundu zimechongeka. Tena zimesuguliwa. Wanaokusanya hawataki iliyosuguliwa kabisa. Nani alizisugua?"

Baba akaanza kuzirudisha mfukoni. Mimi nilitazama mlango.

"Kuna nyingine?" yule mtu akauliza.

Baba akatoa sarafu ya Waitaliano aliyoachiwa na kaka yake, aliyerudi nayo kutoka vita vya Uhabeshi. Miaka yote ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa, haijafanya kazi yoyote. Hiyo yule mtu aliinunua. Tulipata pesa za sukari, mafuta ya taa na dawa za maumivu. Kuhusu ndururu, alitushauri tuwapelekee wanaopima vyuma chakavu kwa kilo. Baba akafunga mfuko wake wa ndururu akaaga vizuri, kwa heshima zote, na ile heshima yake iliniuma kuliko kama angelia.

Tulifika nyumbani mchana. Mawingu yalikuwa yameanza kupanda kutoka msituni, kwa maana kiangazi cha kwetu si cha kutegemea. Mama alikuwa macho.

"Amesemaje?" akanong'ona.

"Amesema zimeng'aa vizuri," baba akamwambia.

Mama akautazama mfuko ulivyokuwa umejaa.

"Basi zirudishe juu," akasema. "Mvua inakuja."

Baba akapanda. Mimi nilisimama kwenye ngazi nikimpa ndururu, yeye akigonga. Aligonga kwa hasira, alizigonga hadi zikabonyea, na mabati yakawa yanalia kote kijijini. Matone yalipoanza kudondoka nikashuka kwenda kufunga dirisha la mama. Kikombe kilikuwa sakafuni, uji umemwagika. Kijiko kilikuwa bado mkononi mwake, na ukingo wa kitanda, ule wa mbao, ulikuwa na alama mpya za kugongwa. Nilitoka nikamwita baba. Hakunisikia. Nililazimika kupanda ngazi nikamshika mguu.

Siku ya mazishi waombolezaji walikaa upande mmoja wa sebule, kwa sababu upande wa pili ulikuwa unavuja. Fundi alipoinua nyundo kupigilia kifuniko cha jeneza, baba alimshika mkono.

"Ngoja kwanza," akamwambia. "Acha nisikilize."

Akainama akaweka sikio juu ya mbao, na sote tukasimama pale tukimngojea. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akainuka, akasogea kando, akamwambia fundi aendelee.