Kamba Isiyoungua

Gideoni wa Lulindi amefungua breki za magari mjini Masasi kwa miaka thelathini na mmoja, na alifundishwa namna yake siku ya kwanza: toa ngoma ya gurudumu, fumba macho, puliza vumbi. Fundi aliyefuta vumbi kwa kitambaa chenye maji alichekwa kwamba anaogesha mtoto. Jioni ovaroli lilikwenda nyumbani, na mkewe Yuster alilikung'uta mlangoni kabla ya kulifua.

Mwezi uliopita akaja Faruku, wakala kutoka Dar es Salaam, mtu wa viatu vya kung'aa na maneno ya asali. Alikuwa amenunua Landrova kuukuu la wamisheni, lililolala bandani Lulindi mpaka kuku wakalifanya lao. Tajiri mmoja wa Australia, mpenda magari ya zamani, alikuwa akilisubiri. Ila nchi yake haipokei gari lenye hata chembe ya asbesto, yale madini ya nyuzi yasiyoungua yaliyotiwa kwenye breki za zamani. Ikionekana bandarini, gari linazuiwa na mwenyewe anapigwa faini.

"Kwa hiyo, fundi, usipulize," alisema Faruku, akitoa suti nyeupe, barakoa na karatasi ya maagizo yenye picha za vitu vya kutoa. "Lowesha kila kitu, kisha funga kwenye nailoni mbili."

"Kwani hilo vumbi lina nini?"

"Linakaa mapafuni. Miaka ishirini, thelathini, ndipo linaamka. Wenzetu hawana mchezo na afya."

Wenzetu. Gideoni alitema mate chini. Miaka yote hiyo magari yale yale yamepita mikononi mwake, na hakuna aliyemletea hata leso.

Akazitazama picha. Viatu vya breki, klachi, gasketi, hayo sawa. Ya mwisho ilikuwa kamba nene nyeupe ya kuzungushia bomba la moshi. Kamba hiyo aliijua. Mwaka aliomjengea Yuster tanuri la kuokea korosho, alimletea pima moja ya kuzibia mlango, akajisifu mbele ya majirani kuwa haiungui hata uifanyeje. Kila msimu Yuster huisokota kwa vidole inapochambuka na kuirudisha mahali pake. Tangu msimu uliopita anakohoa, na Jumatatu amepangiwa kupigwa picha ya kifua.

Alifanya kazi siku nne ndani ya suti ile, akitota jasho. Faruku alilikagua gari, akaridhika, kisha akalisukuma kwa ncha ya kiatu gunia la vitu vilivyotolewa.

"Hili baki nalo. Viatu vya breki bado vinene, vitafaa kwa magari ya huku."

Gideoni aliliacha gunia pale pale. Alivaa tena barakoa, akaenda moja kwa moja nyumbani, akachota maji na kuulowesha mlango wa tanuri.

"Baba Gift, unaniharibia tanuri," alisema Yuster.

"Simama mbali, Mama Gift. Hii kamba ni sumu. Nilikuletea mwenyewe."

Yuster alivitazama vidole vyake, akavifuta kwenye kanga, akavitazama tena. Kikohozi kilimshika, akageukia ukutani. Gideoni aliichomoa kamba iliyolowa, akaitia kwenye mfuko wa nailoni.

Alirudi gereji Faruku akiwa bado hajaondoka, akaitia kamba guniani, akafunga nailoni mbili kama karatasi ilivyoagiza, akafungua gari alilokuja nalo Faruku na kuliweka gunia kwenye kiti cha nyuma.

Faruku aliruka nyuma, mkono puani. "Wee fundi, unataka kuniua? Nina watoto wanapanda humo."

Gideoni aliufunga mlango taratibu.

"Gift ndiye wangu wa kwanza," alisema. "Alijifunza kusimama kwa kushika ovaroli langu."