Aliugua kwa Muda Mfupi

Taarifa ya kifo chake niliisikia redioni Jumatatu asubuhi, baada ya habari, nikiwa jikoni kwangu Malindi, hapa hapa kisiwani, namimina chai. Msomaji, kijana mwenye sauti safi, alitaja jina lake, jina la baba yake, msikiti atakaposaliwa na kijiji atakakozikwa, kisha akasema kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Wasomaji wangu wengi mlimjua bila ya kumwona, kwani ndiye aliyetusomea matangazo ya vifo kwa miaka mingi kwenye redio hiyo hiyo. Sikulia. Niliimaliza chai yangu, nikaosha kikombe, nikatafuta buibui la kwendea kilioni.

Tulijuana kwa sababu kila wiki nilikuwa nikienda pale kurikodi makala yangu ya gazetini kwa ajili ya redio. Yeye alisoma kwa kusimama, mkono mmoja umeshika karatasi na mwengine umebana chupa ya maji ya moto tumboni, ndani ya buibui. Kwao walisema ni chango, na tangu alipovunja ungo aliambiwa kwamba akizaa litaondoka. Hakuzaa, ndoa ikavunjika, chango likabaki. Baadaye hospitali walimpa jina refu, wakamweleza kwamba nyama za aina ile ya ndani ya mfuko wa uzazi zimeota nje yake, na kila mwezi zinavimba na kuvuja damu kama zile za ndani. Jina hilo hakulipeleka kwa mkuu wake wa kazi. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka hadi mwaka, na aliyemtangulia, aliyekuwa akiomba ruhusa kila mwezi, hakuongezewa. Basi yeye akawa anameza vidonge na kusoma.

Siku moja alikuja mwanamke kutoka Makunduchi na mkungu wa ndizi. Alitaka kumshukuru msomaji ambaye sauti yake ilitetemeka alipolisoma tangazo la mama yake, hata wafiwa wakahisi kuna mtu mjini anayelia pamoja nao. Mwenzangu aliupokea mkungu, akamwombea marehemu dua, akamsindikiza mgeni hadi mlangoni. Aliporudi akaniambia, "Maskini, mama yake simjui, dada. Lilikuwa tumbo." Tulicheka sote wawili, na ndizi tukawagawia watu wa ofisini. Sasa nikikumbuka sicheki wala silii.

Ramadhani moja mfanyakazi mwenzake alimwona kupitia kioo cha studio, mchana, akimeza kidonge kwa maji. Maneno yakazagaa. Mkuu wake akamwita kwa upole, akamuuliza kama anaumwa, maana kama anaumwa atatafutwa msomaji mwengine. Akajibu kwamba haumwi, yumo katika siku zake tu. Mkuu akaona haya, akainamisha kichwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nilimuuliza kwa nini asiende kwao akalala.

"Mungu kanipa ruhusa, dada," akasema. "Kanisamehe sala, na funga ntailipa baadaye. Ofisi ndo haijanisamehe." Kisha akaingia kusoma.

Nimeyafikiria maneno hayo wiki nzima. Sisi watu wa kisiwa hiki tunajua vizuri kumwacha mwanamke na siku zake pale wenzake wanaposimama kusali, wala hakuna anayemuuliza. Lakini zamu ya kazi hatujajua kumwondolea. Hivi sasa yupo anayetandika vitanda kwenye hoteli za Nungwi huku amejikunja, na akiulizwa atasema ni kichwa tu. Kilioni nduguze walinieleza kwamba figo ndizo zilizomwondoa, na daktari amesema zilichoshwa na vidonge vya maumivu vya miaka mingi. Nikaletewa kahawa, nikanywa.

Tangazo lile aliliandika mdogo wake wa kiume. Nilimuuliza kwa nini alitaja muda mfupi, naye akanishangaa. Alisema dada yake alilazwa siku chache tu, na kabla ya hapo hakuwahi kukosa kazi. Nawe unayenisoma, ikiwa unaye mfanyakazi wa kike ambaye hakosi kazi hata siku moja, usianze kwa kumsifu. Mwite pembeni, umwambie kwamba ruhusa ipo, kabla hajaiomba.